Msikilize Mwenye Koti

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesimama mlangoni. Mwezi mzima uliopita nilikuwa begani kwa Kapteni kama inzi. Ndiyo kazi yetu waelekezi — unamfundisha mtu kazi ukiwa ubavuni mwake, halafu unarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka siku moja hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuwepo. Shangazi ananiuliza kila siku ni kazi gani hiyo ya kulipwa kwa kusimama. Namwambia aje ajaribu na yale magoti yake.

Kapteni hakugeuka kunitazama hata mara moja. Nimefurahi. Nimeumia kidogo pia, sijui kwa nini.

Chumba cha kufulia cha hospitali kiko chini kabisa, hakina dirisha. Joto! Mashine za kufua upande huu, za kukausha upande ule, katikati meza ndefu ya kukunjia. Hapo ndipo pake. Ana miaka thelathini na tatu, kifua kipana, na anampigia saluti kila mtu, mpaka wagonjwa wanaosukumwa kwenye vitanda. Jina la Kapteni limetokana na hilo, na analipenda kuliko la cheti chake. Faili linasema ulemavu wa akili, kiwango cha kati. Mimi nasema ni mtu mkaidi, mpenda usafi, na akikuchoka anakuonyesha mgongo. Namwelewa sana.

Mwisho wa mwezi hospitali itaamua: kumwajiri au kumrudisha nyumbani. Watu walioletwa hapa na shirika letu wako watano — yeye kufulia, wengine jikoni na bustanini — wote wa majaribio, na hakuna aliyewahi kuajiriwa. Akipita yeye, wengine wana njia. Akikwama, basi tena.

Jumatano, 5 Machi

Koti! Acha niandike hapa, nisije nikajisifu mbele za watu.

Shida ya Kapteni haikuwa mashuka, ilikuwa watu. Kila mtu alimtuma. Kapteni kaniletee soda, Kapteni nisukumie hili, Kapteni mwaga maji yale. Alizunguka kama pia, mashuka yakilala. Nikamwambia asiwasikilize. Akaacha kumsikiliza kila mtu, pamoja na Msimamizi mwenyewe! "Wewe siyo bosi wangu," alimwambia, mbele ya wafanyakazi wote. Nusura tufukuzwe siku ile ile. Sura zinamchanganya, na wasimamizi wako wawili, wanapokezana zamu.

Nikaanza kutazama nguo. Wafanyakazi wote kijivu. Wasimamizi peke yao wana makoti ya bluu. Basi! Sheria moja tu: msikilize mwenye koti la bluu; mwingine yeyote mwambie "niko kazini." Tuliikariri kama darasa la kwanza. Na wiki hii — hakuna soda, hakuna maji. "Niko kazini," na saluti juu. Mama wa pasi alicheka mpaka akakaa chini.

Mkurugenzi wa shirika letu amesikia. Anataka niwafundishe waelekezi wenzangu. Nilijibu kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wa uongo mtupu.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa Mama yake. Na mimi namwita Mama. Siku ya kwanza tu alinipokea kwa "karibu, mwanangu," nikaishiwa ujanja. Mguu umemvimba tena. Anatembea kwa kushika ukuta.

Nilimkuta na mwanawe mkubwa, kaka yake Kapteni, na mkewe. Kaka ana mipango. Mama akiondoka, ile nyumba ataichukua yeye, na Kapteni atakaa chumba cha uani. Atafungiwa mchana, kwa usalama wake. Aliyasema hayo akitafuna, kama anayeeleza mwavuli utawekwa wapi. Kapteni yuko palepale anasikia!

"Mimi nina kazi," Kapteni akasema.

Kaka akacheka. Mkewe naye akacheka kwa kuwa mumewe amecheka. Mama hakucheka.

Jikoni akaniambia kwa sauti ndogo, kufa haogopi, ameshawazika wengi. Anachoogopa ni Kapteni kuamka asubuhi ya pili, yeye hayupo. Akaniuliza kama kazi itapatikana kweli, maana mwenye mshahara hafungiwi chumbani. Nikasema itapatikana. Sikupaswa kusema hivyo. Nimesema.

Ijumaa, 14 Machi

Sasa nakaa kwenye benchi nje kabisa, koridoni. Sina la kufanya. Nimesoma matangazo yote ya ukutani, najua dalili za kipindupindu kwa moyo.

Adhuhuri nilichungulia. Dereva wa gari la nguo alikuwa anamtaka Kapteni amsaidie kupakia. "Niko kazini." Akambembeleza. "Niko kazini." Dereva akawageukia wenzake: huyu bwana anaheshimu koti kuliko anavyomheshimu Mungu! Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka. Msimamizi naye, akiwa na fulana tu — joto likizidi wanayavua makoti, wanayatundika msumarini karibu na mlango, na mara nyingi huyasahau hapo.

Msimamizi amesema mambo yakiendelea hivi yeye hana pingamizi. Hana pingamizi! Kwa mtu yule hiyo ni sawa na kupigiwa ngoma. Nilimpigia Mama simu kumwambia. Akasema "haya mwanangu," mara nyingi.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mashuka mapya yameibwa. Marobota ya wodi ya wazazi, hayajafunguliwa hata. Katibu wa hospitali ameniita asubuhi. Kamera ya koridoni inaonyesha mtu mmoja tu — Kapteni. Anasukuma toroli lenye marobota kuelekea lango la nyuma, taratibu, anafuata mstari wa njano wa sakafuni kama nilivyomfundisha. Langoni hakuna kamera. Anarudi na toroli tupu. Akipita chini ya kamera anapiga saluti. Mwizi gani huyo anayeipigia kamera saluti!

Walikuwa wamemkalisha kabla sijafika. Katibu, Msimamizi, mlinzi wa lango. Amelowa jasho, mikono chini ya mapaja. Wakamuuliza tena mbele yangu nani alimtuma.

"Koti."

Koti la nani?

"La bluu."

Msimamizi aliruka kama kakanyaga kaa la moto. Ina maana anamsema yeye! Kwa sababu mwenzake anaumwa, hajaonekana tangu wiki iliyopita. Mwenye koti alikuwa yeye peke yake. Kapteni akamtazama sana. Akajitahidi, niliona anavyojitahidi. Kisha akasema, "Sura siyo hii. Koti ndiyo hili."

Katibu akasema haya, kwa hiyo koti limetembea lenyewe. Mlinzi akacheka.

Nilielewa palepale. Msumari ule karibu na mlango. Mtu yeyote. Mtu yeyote angeweza kunyoosha mkono, akavaa, akasema sukuma — na Kapteni angesukuma, maana mimi nilimwambia asukume. Mimi. Na mbinu yangu ya kuwafundishia wenzangu!

Sikusema. Nilisema tu kwamba Kapteni hana uwezo wa kupanga wizi. Katibu akanitazama juu ya miwani: hana akili ya kuiba, lakini ana akili ya kuajiriwa? Nimetafuta jibu la hilo mchana wote, na hata sasa sina.

Amesimamishwa mpaka kikao cha Jumatatu. Nilimpeleka kwao mwenyewe. Tulipofika mlangoni kwao ndipo akaniuliza kama kesho ni zamu ya asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

Mama wa pasi alinifuata bombani. Anajifanya anasuuza beseni. Ni dereva, akasema. Alilichukua koti msumarini, akalivaa, akafunga mpaka vifungo, akasimama mlangoni amekunja uso kama Msimamizi. Waliokuwepo walidhani anafanya mzaha wake wa kila siku. Kisha Kapteni akaanza kupakia marobota kwenye toroli.

Nikamwambia aje Jumatatu aseme hayo. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. Dereva ni shemeji yake Katibu — nilikuwa sijui? Yeye ana watoto. "Mimi sikukwambia kitu," akasema, akaondoka na beseni lake halijasuuzwa.

Mimi na hasira zangu mpaka kwa Mkurugenzi. Nikamweleza yote — dereva, msumari, sheria yangu. Alisikiliza vizuri. Siyo mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi. Mbaya ningemtukana nikalala. Aliniuliza maswali mawili. Shahidi yuko wapi? Sina. Na nikisimama kueleza habari ya koti, nitakuwa nimesema nini? Kwamba shirika limemfundisha mtu mzima kuitii nguo. Nani atabaki na watu wetu baada ya hapo? Wanne wako jikoni na bustanini pale, wanatoka na tabasamu kila jioni. Niwafikirie.

Nimewafikiria. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni — tunavyopenda kuusema! Kunyonga tu ndiko tunakokuweza.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amenipigia. Kapteni ameamka kama kawaida, amevaa sare, amekaa kwenye kiti cha mlangoni. Mama akamfichia viatu. Akavipata. Akakaa tena. Kaka yake amepita kuona hali, ameingia uani na kupima mlango wa kile chumba.

Sikwenda. Niliogopa macho ya Kapteni.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda. Nimekwenda na koti la bluu — nimeliazima kwa jirani yangu fundi umeme. Shangazi aliniona natoka nalo akauliza kama sasa natafuta kazi ya kiume.

Nililivaa sebuleni kwao. Nikamwambia: Kapteni, mwaga chai ya Mama. Akamwaga. Juu ya mkeka, yote. Nikamwambia: tupa simu yangu dirishani. Akatupa. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na ninastahili.

Nikavua koti, nikaanza. Mtu akikwambia ufanye kibaya, sema hapana. Hata kwa mwenye koti? Hata kwa mwenye koti. Akafikiri. "Ulisema nimsikilize."

Ndiyo, nilisema.

"Ulisema!" Akapiga meza kwa kiganja. "Nilisikiliza! Nilisikiliza vizuri!" Na machozi. Mtu mzima wa kifua kile, analia kwa sababu alifanya sawasawa na alivyofundishwa na watu wamemwita mwizi. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia chai. Mama alikuwa ameinamia sinia la mchele, anachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Tulirudia. Vaa, vua, vaa, vua. Alimwaga, alitupa, alivunja. Jioni nikavaa mara ya mwisho, na hili nililifanya sijui nani kanipa ruhusa — nikamwambia, kwa sauti ya Msimamizi, "Mpige Mama."

Akaweka mikono nyuma. Akaanza kutetemeka mwili mzima. Mama alikaa tu, akimtazama, hakusogea hata kidogo. Ilichukua muda mrefu mno.

"Hapana," akasema.

Tena, nikasema. Mpige.

"Hapana! Hapana, wewe!"

Mama akafungua mikono, akamwendea. Mimi nilivua koti lile nikalikunja nikalikalia. Sijawahi kujichukia na kufurahi kwa wakati mmoja namna ile.

Jumapili, 23 Machi

Mkurugenzi kapiga simu asubuhi, sauti nyepesi. Amepata njia. Amezungumza na Katibu jana. Kapteni kesho aseme mbele ya kikao kwamba alichukua kwa bahati mbaya, aombe radhi, yaishe. Polisi hawataitwa. Kufulia harudi, lakini atapewa bustani, chini ya uangalizi, na ajira itatazamwa baada ya miezi kadhaa. Wale wanne hawataguswa. Akikataa — watu wetu wote watano watoke, kesho hiyo hiyo.

Na dereva? Dereva ataendelea kuendesha gari.

Nikampelekea Mama habari nikidhani atawaka. Hakuwaka. Alisugua ule mguu. Mkono usioweza kuukata, ubusu, akasema. Yeye ameibusu mikono mingi kwa ajili ya mtoto huyu — madaktari, walimu, wakwe — mmoja zaidi hautamuua. Bustani ni kazi. Bustani haina mlango wa kufungiwa.

Nini cha kubishana hapo? Mimi nina shahada na hasira. Yeye ana mguu uliovimba na mwana wa kumwacha.

Basi tukamfundisha. Mimi, kwa mdomo wangu. "Nisameheni, nilichukua kwa bahati mbaya." Aliyashika haraka, maneno si shida yake. Alisema vizuri na saluti mwishoni. Kisha akanisahihisha.

"Lakini sikuchukua, Dada. Nilisukuma."

Nikamwambia najua. Sema hivyo hivyo tu. Akasema sawa. Niliponawa mikono baadaye niliirudia kuisugua, na haikuwa na uchafu wowote.

Jumatatu, 24 Machi

Niko kwenye benchi koridoni. Wametupa muda mfupi, wametutoa nje. Naandika kwa sababu mikono lazima niishikishe kitu.

Yeye yuko kando yangu. Amevaa shati ambalo Mama amempigia pasi mwenyewe. Anasoma ukuta, au anajifanya.

Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Katibu kakaa katikati, Mkurugenzi wetu kulia, Msimamizi kushoto na koti lake, limefuliwa, limepigwa pasi. Mama tumempa kiti karibu na mlango. Katibu akasema maneno marefu kuhusu huruma. Akasema kijana — kijana, miaka thelathini na tatu! — ana jambo la kusema. Kapteni akasimama. Akafungua mdomo. Nikaanza kuyasema maneno naye kimoyomoyo.

Akanyamaza. Nadhani alisahau tu. Nadhani angekumbuka, wangemwacha tu avute pumzi.

Lakini Msimamizi akaona amsaidie. Akainuka, akamwinamia, akasema kwa sauti ya kazini: "Haya Kapteni, sema ulichukua. Sema."

Kapteni akalitazama lile koti. Kuanzia kola mpaka vifungo vya chini. Mikono ikaenda nyuma. Nikaijua ile mikono. Nikajua kabla hajasema.

"Hapana."

Msimamizi bado amemwinamia.

"Sikuiba. Nilisukuma. Hapana."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja jina lake. Mama alijiziba mdomo kwa mtandio, na sijui kama alikuwa analia au la. Msimamizi kakaa chini polepole. Katibu akafunga kalamu yake, akamwambia Mkurugenzi kwamba walikubaliana vingine. Mkurugenzi hakumtazama Kapteni hata kidogo, alinitazama mimi. Tokeni kidogo, akasema, mweke sawa. Wewe anakusikiliza.

Anakusikiliza! Sina haja ya koti mimi. Nikimwambia sema, atasema.

Nikimwambia aombe radhi, atapata reki na kofia, wale wanne watabaki jikoni, Mama atalala usiku wa leo. Na yeye hatasema hapana tena maisha yake yote, kwa mtu yeyote, maana atakuwa amejua kwamba nayo ilikuwa kosa. Nikimwambia abaki na neno lake, kaka yake ana kufuli tayari. Na iko njia ya tatu. Niingie mimi, niseme dereva, niseme msumari, niseme nani alimfundisha kuitii nguo. Bila shahidi. Mama wa pasi nimemwona akipita na kikapu mwisho wa korido, ameharakisha mwendo. Kazi yangu itakwenda, na pengine watano wale wale watakwenda nayo, nami nitakuwa nimejisafisha roho kwa gharama ya watu wengine.

Nimeitazama kwa kila upande. Haina upande mzuri.

Mlango umefunguliwa. Mkurugenzi anatikisa kichwa kutuita. Amemwona Kapteni ametulia, amefikiri nimemaliza kazi, ananishukuru kwa macho.

Kapteni amesimama. Amenyoosha shati. Uso wake unang'aa, sijawahi kuuona hivi, hata siku ile aliyopewa sare. Ananishika kiwiko.

"Dada, nilisema vizuri?"

Nimesema ndiyo. Limetoka lenyewe.

"Niseme tena," ananiuliza, "au inatosha?"

Wanaita mara ya pili. Hajasogea — anasubiri niseme.